NGUZO YA KUTEREMKIA KATIKA VITUO VYA ZIMAMOTO: FAIDA ZAKE NA MASHARTI YAKE

(Somo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)

1. Utangulizi

Somo la toleo hili linahusu chombo ambacho wengi wetu tumekiona katika picha za senema, lakini ni wachache waliopata kuelezwa sababu ya kuwapo kwake. Chombo hicho ni nguzo ya kuteremkia. Ni mlingoti laini uliosimamishwa wima ndani ya kituo cha Zimamoto, unaopenya katika tundu la sakafu ya ghorofa na kuishia chini, karibu na gari la kuzimia moto. Inapolia kengele ya hatari, askari aliyeko juu huikumbatia nguzo hiyo kwa mikono na miguu, akateleza hadi chini bila ya kupita ngazini.

Kwa kuwa chombo chenyewe kinafanana na kitu cha mchezo, wapo wanaokidharau na kukiona pambo la vituo vya kigeni. Wapo pia wanaokisifu kupita kiasi, wakidhani kuwa kituo kisichokuwa nacho kimepungukiwa. Rai zote mbili hazikukamilika. Nguzo ya kuteremkia ina faida ya kweli inayoweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Lakini faida hiyo hupatikana kwa masharti, na kila nguzo huja pamoja na tundu katika sakafu, ambalo lisipolindwa huwa mtego kwa wale wale liliokusudiwa kuwasaidia.

Somo hili litamfaa mtumishi anayepitisha michoro ya majengo ya Serikali, anayesimamia bajeti ya vifaa, au anayeongoza ofisi yoyote ambayo kazi yake ni kumwahi mtu mwenye shida. Litamfaa pia mwananchi wa kawaida, kwani sekunde zinazookolewa kituoni zinaweza kupotea mtaani kwa makosa yetu wenyewe.

2. Sekunde zinapotea wapi?

Tangu moto unapoanza hadi maji ya kwanza yanapomwagwa, hupita hatua tano. Kwanza, mtu auone moto. Pili, atoe taarifa. Tatu, askari waliopo kituoni wavae, wateremke, wapande gari na kuondoka. Nne, gari lisafiri. Tano, askari watandike mipira ya maji na kuanza kazi. Nguzo ya kuteremkia inahusika na sehemu ya hatua ya tatu tu. Haifupishi njia, haiongezi maji, wala haimwamshi aliyelala ndani ya nyumba inayoungua.

Hata hivyo hatua hiyo ya tatu haifai kudharauliwa. Chama cha Kitaifa cha Kinga ya Moto cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi NFPA, katika kiwango chake nambari 1710 cha mwaka 2010, kiliweka sekunde 80 kuwa muda wa askari kujitayarisha na kuondoka kituoni baada ya kupokea taarifa ya moto, na sekunde 60 kwa wito wa mgonjwa. Ndani ya sekunde hizo 80 askari anapaswa kuamka, kushuka, kuvaa mavazi ya kazi na kukaa katika gari akiwa amefunga mkanda. Kumi zikipotea ngazini, sehemu moja ya nane ya muda wote imekwenda.

Umuhimu wa sekunde hizo umeongezeka katika zama zetu. Majaribio yaliyofanywa nchini Marekani na taasisi ya Underwriters Laboratories yalilinganisha chumba chenye samani za zamani, za mbao ngumu na pamba, na chumba chenye samani za kisasa, za sponji na plastiki. Chumba cha zamani kilichukua karibu nusu saa kufikia hali ya kuwaka chote kwa pamoja. Chumba cha kisasa kilifika huko katika muda wa chini ya dakika 5. Baada ya hali hiyo, aliyebaki ndani huwa na tamaa ndogo mno ya kutoka akiwa hai. Kwa maneno mengine, godoro tunalolalia leo limempunguzia mzimamoto muda ambao babu zake walikuwa nao.

3. Chanzo cha nguzo hii: Chicago, mwaka 1878

Habari za nguzo ya kuteremkia zinaanzia katika mji wa Chicago, Marekani. Mji huo ulikumbwa na moto mkubwa tarehe 8 hadi 10 Oktoba, 1871. Watu takriban 300 walipoteza maisha, majengo zaidi ya 17,000 yaliteketea, na watu wapatao 100,000 walibaki bila ya makaazi. Mji uliopata msiba wa aina hiyo haukuhitaji kushawishiwa kuwa kuchelewa kuna gharama.

Mwaka 1872 iliundwa Kombania Na. 21, ambayo askari wake walikuwa Wamarekani weusi, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Zimamoto ya Chicago. Kiongozi wake, Kapteni David Kenyon, alikuwa mzungu. Kituo chao kilikuwa cha ghorofa, kama vilivyokuwa vituo vingi vya zama hizo. Chini walikaa farasi pamoja na gari la maji. Ghorofa ya kati walilala askari. Na juu kabisa paliwekwa majani makavu ya kulishia farasi.

Ili tufahamu kilichofuata, hatuna budi kuzingatia hali ya kazi ilivyokuwa. Hatua nyingine za kuitikia wito zilikuwa tayari zimefupishwa. Taarifa za moto zilipelekwa kwa waya wa simu ya maandishi, utaratibu ulioanzishwa Boston mwaka 1852. Hatamu za farasi zilining'inizwa darini, zikashushwa juu ya migongo yao kwa mvuto mmoja. Farasi wenyewe walifunzwa kwenda mahala pao mara tu kengele ikilia. Maji ya pampu ya mvuke yaliwekwa katika hali ya moto muda wote ili mvuke upatikane mapema. Kilichobaki nyuma kilikuwa ni binadamu, na kilichomchelewesha kilikuwa ni ngazi.

Ngazi za vituo hivyo mara nyingi zilikuwa nyembamba na za kuzunguka kama konokono. Inasimuliwa kwamba zilijengwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu farasi waliweza kupanda ngazi za kawaida na kuingia katika vyumba vya askari. Dawa hiyo ya farasi iligeuka kuwa kikwazo kwa watu. Katika ngazi ya kuzunguka hapiti ila mtu mmoja kwa wakati, na usiku wa giza mwenye usingizi machoni hujikwaa, akawazuia wote walio nyuma yake.

Siku moja Kenyon na askari mmoja, George Reid, walikuwa juu wakipanga majani. Palikuwapo mti mrefu, wa aina iliyotumika kukazia shehena ya majani juu ya gari la kukokotwa. Kengele ikalia. Reid hakuifuata ngazi. Aliushika mti ule akateleza hadi chini. Kenyon aliona kwa macho yake kuwa askari wake amefika kabla ya wenzake wote, na akaelewa kuwa jambo lililotokea kwa bahati linaweza kufanywa utaratibu.

Alipeleka ombi la kutoboa sakafu ya jengo la umma. Inaelezwa kuwa Mkuu wa Zimamoto wa mji alikubali, kwa sharti kwamba gharama za matunzo zibebwe na kombania yenyewe. Ukachongwa mti wa msonobari kutoka Georgia, ukafanywa mviringo wenye upana wa inchi 3 hivi, ukapigwa msasa, ukapakwa vanishi na kumalizwa kwa nta ya parafini ili uteleze. Mwezi wa Aprili, 1878, nguzo ikasimamishwa.

Kombania nyingine ziliwacheka. Lakini kicheko hakikudumu, kwa sababu Kombania Na. 21 ilianza kuonekana kwenye moto kabla ya wengine, khasa nyakati za usiku. Mkuu wa Zimamoto alipoyaona matokeo, aliamuru nguzo ziwekwe katika vituo vyote vya mji. Mwaka 1880 mji wa Boston uliweka nguzo ya shaba ya manjano, na tangu hapo nguzo ya chuma laini ikaanza kuchukua nafasi ya mti, ikaenea katika miji mingi ya Marekani na nchi nyingine.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa katika habari hii. La kwanza, fikra haikutoka katika ofisi ya juu. Ilitoka kwa askari aliyekuwa akipanga majani, katika kombania iliyokuwa na heshima ndogo machoni mwa watu wa wakati wake. La pili, kiongozi wake hakuipuuza, na mkubwa wa kiongozi huyo hakuikataa kabla ya kuijaribu. Kama mmoja wao angesema kuwa sakafu ya Serikali haitobolewi, somo hili lisingekuwapo.

4. Faida za nguzo ya kuteremkia

(a) Inafupisha njia. Ngazi hujengwa pembeni mwa jengo, na mteremko wake ni wa mshazari. Nguzo inaweza kuwekwa hatua chache kutoka vitandani, na ikaishia hatua chache kutoka kwenye gari.

(b) Inaondoa msongamano. Askari wanaokimbia kwa pamoja katika ngazi nyembamba hugongana na kujikwaa. Kwenye nguzo kila mmoja ana zamu yake, na zamu hiyo ni fupi.

(c) Inaruhusu kujenga juu. Katika miji ambayo ardhi ni adimu, kituo hakiwezi kutandazwa. Bila ya njia ya haraka ya kushuka, kila ghorofa iliyoongezwa ingekuwa ni kuchelewa kulikoongezwa. Hii ndiyo sababu kubwa ya nguzo kudumu katika miji iliyosongamana.

(d) Haihitaji nguvu za umeme wala mtambo. Haisimami umeme ukikatika, wala haina kipuri cha kuagizwa kutoka ng'ambo. Matunzo yake ni kusafishwa, kukaguliwa na kukazwa.

(e) Inajenga nidhamu ya kuondoka. Askari wanaoteremka kwa zamu, kila mmoja akijua nafasi yake, huzoea kufanya kazi kama kiungo kimoja.

5. Hesabu ya nguzo

Inafaa tuipime faida hii kwa hesabu, ili asiwepo wa kuizidisha wala kuipunguza. Tuchukue mfano wa kituo cha ghorofa moja, chenye askari sita waliolala juu, na kimo cha mita 4 kutoka sakafu ya juu hadi ya chini.

Tuseme ngazi ni pana na ya kawaida, nayo iko mita 20 kutoka vitandani. Askari anayekwenda mbio za tahadhari, mita 2.5 kwa sekunde, ataifikia kwa sekunde 8. Ataishuka kwa sekunde 10. Atatembea mita 15 kulifikia gari kwa sekunde 6. Jumla ni sekunde 24, na kwa kuwa ngazi ni pana, wote sita watafika takriban kwa wakati mmoja.

Sasa tuchukue nguzo moja iliyo mita 5 kutoka vitandani na mita 3 kutoka kwenye gari. Askari wa kwanza ataifikia kwa sekunde 2, atateleza kwa sekunde 3, na atalifikia gari kwa sekunde 2 hivi. Jumla ni sekunde 7. Lakini wa pili lazima asubiri wa kwanza aondoke chini. Tukiweka sekunde 3 baina ya mtu na mtu, askari wa sita atafika katika sekunde ya 22. Kituo kimeokoa sekunde 2 tu, kwani gari haliondoki mpaka afike wa mwisho.

Tukiweka nguzo mbili, kila moja ikihudumia askari watatu, wa mwisho atafika katika sekunde ya 13. Hapo kituo kimeokoa sekunde 11. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa hupita zaidi ya mita 120 katika sekunde 11. Ni kama kwamba kituo kizima kimesogezwa mita 120 kumkaribia mwenye shida, bila ya kununua kiwanja kipya.

Hesabu hii inatufunza kuwa faida haimo katika nguzo peke yake. Imo katika mahala ilipowekwa, idadi ya wanaoitumia, na aina ya ngazi inayoshindana nayo. Ngazi ikiwa nyembamba na ya kuzunguka, kama zilivyokuwa za Chicago, nguzo inashinda kwa mbali. Ngazi ikiwa pana na karibu, ushindi wake ni mdogo.

Hesabu ya pili inahusu mwendo. Mtu akianguka mita 4 bila ya kushika kitu, hufika chini kwa sekunde 0.9, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 32 kwa saa. Mwendo huo unatosha kuvunja mifupa. Akishika nguzo kiasi cha msuguano kubeba robo tatu ya uzito wake, atafika kwa sekunde 1.8, akiwa na mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Akikaza zaidi anapokaribia chini, atatua kwa upole. Hivyo baina ya kuteremka salama na kuumia pana tofauti ya chini ya sekunde mbili na nguvu ya mshiko. Hii ndiyo sababu nguzo lazima iwe laini lakini isiwe na mafuta, na askari lazima afunzwe kabla ya kuruhusiwa kuitumia.

6. Madhara yake

Yeyote anayezitaja faida bila ya madhara huwa anauza bidhaa. Madhara ya nguzo ya kuteremkia yamejulikana kwa miaka mingi, na baadhi ya idara za Zimamoto zimeziondoa nguzo zao au zimejenga vituo vipya bila ya nguzo kwa sababu hiyo.

Kwanza ni maumivu ya kutua. Vifundo vya miguu huteguka, magoti huumia, na uti wa mgongo hutikisika, khasa kwa askari anayeteremka usiku akiwa bado na usingizi. Askari aliyeumia kituoni si tu kwamba hamsaidii mwenye moto; anahitaji yeye mwenyewe kusaidiwa.

Pili ni tundu. Mwaka 2003 askari mmoja wa Zimamoto ya Seattle, Marekani, alianguka usiku katika tundu la nguzo, kimo cha karibu mita 4.5, akaumia vibaya. Mwaka 2009 jopo la mahakama liliamua alipwe na mji huo zaidi ya dola milioni 12. Ngazi nyingi zingejengwa kwa fedha hizo, na afya ya mtu huyo hairudi kwa fedha.

Tatu ni moshi. Tundu linalomteremsha askari humpandishia moshi wa magari mpaka chumba cha kulala. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2022 taasisi hiyo iliiweka kazi yenyewe ya mzimamoto katika kundi hilo hilo. Haifai kumwongezea nyumbani kwake sumu anayokutana nayo kazini. Hali kadhalika, moto ukizuka chini ya kituo, tundu lililo wazi huwa bomba la kupandishia moshi na ndimi za moto.

7. Masharti ya matumizi salama

Kutokana na hayo, kituo chenye nguzo au kinachokusudia kuiweka kinapaswa kuzingatia yafuatayo:

(i) Tundu lizungushiwe kizuizi au lifunikwe muda wote lisipotumika. Kiwango nambari 1500 cha NFPA kilitaka hivyo hivyo. Kilicho bora ni chumba kidogo chenye mlango unaojifunga wenyewe, kwani huzuia mtu kuanguka na moshi kupanda kwa pamoja.

(ii) Pawepo na taa hafifu inayowaka usiku kucha karibu na tundu, isiyotegemea umeme wa kawaida pekee.

(iii) Chini ya nguzo liwekwe godoro gumu la mpira, na eneo lake lichorwe mstari ili pasiwekwe ndoo, viatu wala mpira wa maji.

(iv) Ateremke mtu mmoja kwa wakati. Wa pili asiondoke mpaka wa kwanza ametoka katika mstari.

(v) Askari aishike nguzo kwa mikono na miguu kabla ya kuiacha sakafu. Ni marufuku kuirukia. Asibebe kitu mkononi, wala asivae pete, kwani pete inaweza kunasa na kukijeruhi kidole.

(vi) Nguzo isiteremke ghorofa mbili kwa mkupuo mmoja. Kila ghorofa iwe na nguzo yake, mahala tofauti, ili anayeteleza asipate mwendo wa kupita kiasi.

(vii) Nguzo ikaguliwe kwa ratiba: uimara wa misumari yake, ulaini wake, na usafi wake. Mafuta ya mkono na jasho hubadilisha utelezi.

(viii) Ngazi nzuri iwepo siku zote. Askari mwenye maumivu, mgeni, au yeyote ambaye hakufunzwa atumie ngazi, na asionewe haya kwa kufanya hivyo.

Wazee wamesema kuwa haraka haraka haina baraka. Usemi huu haumkatazi mzimamoto kufanya haraka. Unamkataza kuifanya haraka yake bila ya mpango. Nguzo yenye masharti ni haraka iliyopangwa.

8. Mafunzo kwa Visiwa vyetu

Msomaji anaweza kuuliza, habari za Chicago na Boston zinatuhusu nini sisi tulio Visiwani? Zinatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, katika kupanga majengo. Mahala penye kiwanja cha kutosha, kituo cha chini kisichokuwa na ghorofa kinashinda nguzo na ngazi kwa pamoja, kwa sababu askari hana pa kuteremka wala pa kuangukia. Mahala palipobanana na ardhi ikawa adimu, ndipo nguzo inapostahiki kufikiriwa, kwa masharti tuliyoyataja. Mtumishi anayepitisha mchoro asiulize tu kama kituo kina nguzo au hakina. Aulize ni sekunde ngapi zinapita tangu kengele kulia hadi gari kutoka, na aombe zipimwe.

Pili, katika uendeshaji wa ofisi zote. Kila ofisi inayohudumia dharura, iwe ni hospitali, bandari, umeme au maji, ina ngazi yake ya kuzunguka. Pengine ni ufunguo wa ghala unaokaa kwa mtu mmoja aliye mbali. Pengine ni gari lililoegeshwa nyuma ya magari mengine. Pengine ni saini inayosubiriwa. Wanaolijua fundo hilo ni wale wanaolipita kila siku: dereva, karani, mlinzi, askari wa zamu. Mkuu wa ofisi anashauriwa kuwauliza, kuwasikiliza, na kulijaribu pendekezo lao kabla ya kulikataa. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Tatu, katika wajibu wa mwananchi. Nguzo iliyowekwa vizuri inaweza kuokoa sekunde kumi au kumi na tano. Mwananchi anayesita dakika tano kutoa taarifa, akitaraji kuuzima moto kwa ndoo, ameshazitupa mara ishirini au zaidi. Gari lililoegeshwa katika mdomo wa kichochoro, kontena lililowekwa njiani, au baraza iliyoongezwa mpaka njia ikaziba, ni ngazi za kuzunguka tulizozijenga wenyewe. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, njia nyingi ni nyembamba kwa asili yake, na nyumba zake zina boriti na milango ya mbao. Upana wa njia hizo hauongezeki. Kilicho ndani ya uwezo wetu ni kutoupunguza.

Wananchi kwa hivyo wanaombwa watoe taarifa mara tu waonapo moto au moshi usio wa kawaida, wataje mtaa, alama inayojulikana na njia inayopitika na gari, na amtume mtu mmoja asimame barabarani kuwaongoza askari. Kila nyumba iijue nambari ya simu ya Zimamoto, na nambari hiyo iandikwe mahala ambapo hata mtoto anaweza kuisoma.

9. Hitimisho

Nguzo ya kuteremkia si mchezo wala si muujiza. Ni jibu la swali lililoulizwa vizuri: baina ya kengele na gari, ni kitu gani kinachotuchelewesha? Askari wa Kombania Na. 21 walilijibu kwa mti wa kufungia majani, wakachekwa, kisha wakaigwa. Waliokuja baadaye wakaongeza kizuizi, mlango, taa na godoro, kwa sababu walijifunza kwa maumivu kuwa njia ya mkato nayo inahitaji ulinzi. Anayetaka kupata faida ya kwanza hana budi kulipa gharama ya pili.

Maswali ya kujipima

1. Taja hatua tano zinazopita tangu moto kuanza hadi maji ya kwanza kumwagwa. Nguzo ya kuteremkia inafupisha hatua ipi?

2. Eleza kwa nini kituo chenye nguzo moja na askari sita kinaweza kuokoa muda mdogo, na kwa nini nguzo mbili hubadilisha hesabu hiyo.

3. Taja madhara matatu ya tundu la nguzo, na kwa kila moja eleza kinga yake.

4. Katika ofisi yako, ni kitu gani kinachofanana na ngazi ya kuzunguka? Nani anakijua zaidi, na je, amewahi kuulizwa?

5. Tembea kutoka nyumbani kwako hadi barabara kuu. Hesabu vitu ambavyo vingelizuia gari la Zimamoto kupita usiku wa leo. Ni vipi kati ya hivyo unaweza kuviondoa wewe mwenyewe kabla ya jua kuchwa?